Upepo kwa Kipimo: Mivukuto ya Warongo na Feni za Kompyuta katika Biharamulo na Ngara

Mwaka 1861 Speke alipita katika nchi aliyoiandika kwa jina la Usui, yaani Rusubi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Nchi hiyo na jirani zake zilikuwa na watu ambao tangu zamani walikuwa wakitoa chuma katika mawe ya ardhi yao. Mafundi mashuhuri wa kazi hiyo kwa upande ule walikuwa Warongo, walioenea katika Biharamulo na Geita, na ambao walifahamika kwa ufundi wao kuliko kwa nasaba yao. Majembe yaliyotokana na matanuri ya Warongo na ya Wazinza yalivuka mipaka hadi Usukuma, na palipokuwa na jembe zuri palikuwa na mahari, na palipokuwa na mahari palikuwa na ukoo mpya. Haya yote yalitegemea upepo uliosukumwa kwa mikono kupitia bomba la udongo.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo, na katika jirani yake Ngara, upepo leo unafanya kazi nyingine. Katika ofisi, shule, vituo vya afya na maduka ya kupiga chapa zimo kompyuta za mezani, na ndani ya kila kasha la kompyuta huzunguka feni moja, au mbili, au tatu, ambazo kazi yake ni kuondoa joto. Aliyevukuta tanuri aliutafuta moto. Feni ya kompyuta huufukuza. Hata hivyo kazi hizi mbili zina swali moja, nalo ndilo historia yake inayostahili kutazamwa: upepo upelekwe kwa kiasi gani, nani auamuru, na mwenye kuamuru apate wapi habari ya kumwongoza?

Lugha ya Kiswahili yenyewe imehifadhi kumbukumbu ndogo ya swali hilo. Feni ya darini huitwa na watu wengi pangaboi. Mapanga yake yanayokata hewa yamewafanya wengi wadhani ya kuwa jina limetokana na panga la kufyekea, lakini karibu zaidi na ukweli ni panka, neno la Kihindi la upepeo, na boi, yule mtumishi ambaye katika India ya zama za Waingereza aliketi pembeni akivuta kamba ya upepeo mkubwa ulioning'inizwa juu ya bwana wake. Mtumishi yule ndiye aliyekuwa mashine, na ndiye aliyekuwa kipimo pia: bwana akitoka jasho, kamba huvutwa kwa nguvu, bwana akilala, huvutwa taratibu. Umeme ulipokuja ulimwondoa mtu, ukabakiza jina lake katika mashine.

Katika tanuri la chuma jambo hili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kosa la upepo halikuleta jasho tu bali lilipoteza kazi ya miezi. Mawe yenye chuma huwekwa pamoja na makaa. Makaa yakiungua kwa hewa isiyotosha kuyateketeza yote, hutoka gesi inayoinyang'anya jiwe oksijeni yake, na chuma hubaki. Lakini chuma hicho hakina faida mpaka kitengwe na takataka za jiwe, nazo huanza kuyeyuka na kutiririka kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi za sentigredi. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538. Basi fundi alitakiwa kuliweka tanuri lake juu ya mpaka wa kwanza, na bonge la chuma lisigeuke kuwa kitu kingine. Upepo ukipungua, takataka huganda na kulifunga chuma ndani yake. Ukizidi, mambo mawili mabaya hutokea: mbele ya mdomo wa bomba chuma kilichokwisha kupatikana huungua tena na kurudia hali ya kutu, na katika joto kali mno chuma hunywa kaboni nyingi, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika, kisichofulika kuwa jembe.

Kwa hiyo sifa ya fundi haikuwa kuvukuta kwa nguvu. Sifa yake ilikuwa kujua wakati wa kuzidisha na wakati wa kupunguza, na kufanya hivyo kwa muda mrefu bila ya kipimajoto. Rangi ya moto ilikuwa habari. Moshi ulikuwa habari. Mlio wa hewa ndani ya bomba ulikuwa habari, na mlio wa takataka zinazochemka karibu na mdomo wake vilevile. Nyimbo zilizoimbwa na wavukutaji, ambazo wageni wengi waliziandika kama burudani au kama ibada, zilikuwa pia ndiyo saa ya kazi: wimbo ukiharakishwa mikono huharakishwa. Ibada nayo ilikuwapo, wala si haki kuifuta kwa ajili ya kumpendeza mwanasayansi. Warongo walizika dawa katika sakafu ya tanuri, walishika miiko ya kujitenga na wanawake, nao walilitazama tanuri kama tumbo la mzazi. Lakini mtu anayeamini ya kuwa tanuri ni mzazi hulitazama kwa makini usiku na mchana, na huo ndio uangalizi ambao kazi yenyewe iliudai.

Utafiti uliouleta uhunzi wa Kagera mbele ya macho ya dunia ni ule wa Peter Schmidt na Donald Avery. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, upande wa Bukoba, waliombwa kujenga tena tanuri na kutoa chuma kama walivyofanya katika ujana wao. Kazi hiyo ilikuwa imelala kwa takriban nusu karne, kwa kuwa majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalikuwa yamelinyima soko jembe la kienyeji. Mabomba ya udongo yalisukumwa mbali ndani ya tanuri, na vipimo vilionyesha joto lililopita nyuzi 1,800 karibu na midomo yake. Katika makala yao ya mwaka 1978, iliyotoka katika jarida la Science, Schmidt na Avery walidai ya kuwa hewa ilipata moto ndani ya bomba kabla ya kufikia makaa, na ya kuwa ufundi huu uliwatangulia kwa karne nyingi watu wa Ulaya, ambao hataza yao ya kupuliza hewa ya moto, ile ya Neilson wa Scotland, ni ya mwaka 1828. Baadaye Schmidt alifanya utafiti wake kwa Warongo pia.

Dai hilo lilipendwa sana, na sababu ya kupendwa kwake yaeleweka. Afrika iliyokuwa imetoka karibuni katika ukoloni ilihitaji kuambiwa ya kuwa iligundua. Lakini wataalamu wengine hawakukubali. Rehder, mwaka 1986, alipinga ya kuwa hewa iliweza kupata moto kiasi hicho katika safari fupi ya ndani ya bomba, na Killick, mwaka 1996, alirudia kuchambua madai yote ya namna hiyo na kuonya ya kuwa si kila tofauti ni ugunduzi. Mabishano hayo yamejaza kurasa nyingi. Hata hivyo pande zote mbili zilishughulika zaidi na kiwango cha juu cha joto, kama kwamba ubora wa tanuri hujulikana kwa ukali wake. Ustadi mkubwa zaidi haukuwa katika kulifikia joto bali katika kulishika, nao haukuhitaji kushindana na Neilson wala na mtu mwingine awaye yote.

Yafaa kutaja hapa, kwa kupita tu, ya kuwa haikuwa lazima kuvukuta. Katika Ufipa, kusini-magharibi ya Tanzania, ambako Bertram Mapunda amefanya utafiti, matanuri yalijengwa marefu kama minara, hewa ya moto ikapanda yenyewe na kuivuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Huko upepo ulipimwa kwa kimo cha ukuta na kwa matundu. Mhandisi wa leo anayeunda kompyuta isiyo na feni, yenye mapezi marefu ya alumini tu, amechagua njia ya Ufipa. Mwenye kuweka feni amechagua njia ya Warongo, naye anapata uhuru wa kubadili upepo kazi inapoendelea pamoja na wajibu wa kujua aubadili lini.

Huko Ulaya wajibu huo ulianza kuondolewa mikononi mwa watu mapema. Mwaka 1788 James Watt aliiwekea injini ya mvuke mipira miwili izungukayo. Injini ikienda mbio, mipira hutanuka na kuufunga mlango wa mvuke. Ikilegea, mipira hushuka na kuufungua. Mwaka 1868 Maxwell alieleza kwa hesabu kwa nini vidhibiti vya namna hiyo mara nyingine huyumba, vikizidisha na kupunguza bila ya kutulia. Mwaka 1948 Wiener aliipa elimu nzima ya mambo haya jina lake, sibernetiki. Kiini chake ni kile kile kilichokuwa kando ya tanuri: matokeo ya kazi hurudi kwa mwenye kuamuru, naye hurekebisha amri.

Kompyuta ilipofika Tanzania haikuwa na habari ya kurekebisha upepo wake. Ile ya kwanza ya serikali, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya zama ambazo chumba kizima kilipozwa kwa ajili ya mashine. Mwaka 1974 serikali, baada ya hasara na matatizo ya hesabu yaliyotokana na matumizi ya mashine hizo, ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini isipokuwa kwa idhini maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo. Katika miaka hiyo kompyuta duniani zilikuwa zinapungua ukubwa. Ile ya IBM ya mwaka 1981, iliyokuwa kielelezo cha kompyuta za mezani, ilikuwa na feni katika kifaa chake cha umeme tu, ikizunguka kwa mwendo mmoja tangu mashine kuwashwa hadi kuzimwa. Prosesa yake ilitoa joto dogo kiasi cha kutohitaji upepo wake wa pekee. Mwendo mmoja ulitosha kwa kuwa swali lilikuwa moja.

Ngara iliingia katika zama za mashine hizi kwa njia ya msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla majani ya hema hayajakauka. Pamoja na wakimbizi yalikuja mashirika, na pamoja na mashirika vikaja jenereta, simu za setilaiti na kompyuta za ofisi. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwishoni mwa 1996, lakini vifaa vya umeme na mafundi wa kuvihudumia walikuwa wamekwisha kuwa sehemu ya maisha ya wilaya. Kwa miaka mingi baadaye Ngara na Biharamulo ziliendelea kupata umeme wa jenereta za dizeli zilizo peke yake, mbali na gridi ya taifa. Mradi wa ORIO, uliofadhiliwa na Uholanzi, ulikuja kuzipatia mashine mpya.

Ndani ya miaka hiyo hiyo ya 1990 ndipo prosesa zilipoanza kuwa na joto kama la jiko. Feni iliwekwa juu ya prosesa yenyewe, nyingine katika ukuta wa kasha, na mwendo mmoja ukawa haufai tena: ulioitosha kazi nzito ulikuwa kelele tupu wakati wa kazi nyepesi. Madabodi, yaani ule ubao mkuu wa saketi ambao vipande vyote vya kompyuta huungana juu yake, ndiyo iliyopewa kazi ya uamuzi. Ilikuwa ni mahali pafaapo, kwa kuwa waya zote hupita hapo. Vihisi joto viliwekwa ndani ya prosesa na juu ya ubao, na saketi ndogo ikapewa kazi ya kuvisoma na kuziamuru feni.

Amri ya kwanza ilikuwa ya kupunguza umeme. Feni ya kasha hutumia volti 12. Madabodi ikiipa volti 7 huzunguka polepole. Ikiipa chache mno hushindwa kuanza, ikatetemeka tu kama punda aliyeelemewa. Waya zake ni tatu: wa volti, wa kurudisha umeme, na wa habari. Huo wa tatu hutuma mapigo mawili kwa kila mzunguko, hata madabodi ikihesabu mapigo 40 kwa sekunde hujua ya kuwa feni inazunguka mara 20 kwa sekunde, yaani mara 1,200 kwa dakika. Katika mwaka 2004 hivi, Intel ilieneza kanuni ya waya wa nne. Tangu hapo volti zaweza kubaki 12 wakati wote, na amri ikapita katika waya wa pekee kwa mapigo ya haraka, 25,000 hivi kwa sekunde: mapigo yakiwa mapana feni hupata amri ya kwenda mbio, yakiwa membamba hupata amri ya kutulia. Wingi huo wa mapigo haukuchaguliwa ovyo. Sikio la mtu husikia mpaka 20,000 hivi, na amri ya namna hii haikutakiwa kusikika.

Mwenye kompyuta aweza kuiingilia amri hiyo. Mashine inapowaka, kabla haijapakia programu zake, kitufe kimoja cha kibodi humfungulia kurasa za BIOS, na humo huukuta mchoro: joto limepangwa chini, mwendo wa feni umepangwa pembeni, na mstari unapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari huo ndio sheria. Aweza kusema ya kuwa chini ya nyuzi 40 feni iende kwa asilimia 30 ya mwendo wake, kwenye 60 iende kwa 50, na kwenye 80 ipewe nguvu zote. Aweza pia kuiagiza ingoje sekunde kadhaa kabla ya kutii badiliko, ili isiwe inapanda na kushuka kila prosesa inaposhtuka. Huo ndio ule ugonjwa wa kuyumba ambao Maxwell aliuandikia hesabu. Ikiwa joto litapanda juu ya yote hayo, prosesa nyingi za sasa hujipunguzia kasi zenyewe zikaribiapo nyuzi 100.

Kanuni ya feni ni yenye kustaajabisha kwa asiyeizoea. Mwendo ukipunguzwa nusu, upepo hupungua nusu, lakini nguvu inayotumika hushuka hadi thumuni. Feni kubwa iendayo polepole ni bora kuliko ndogo ipigayo kelele, na katika chumba cha kurekodia redio, ambako kipaza sauti husikia kila kitu, tofauti hiyo si ya anasa.

Lakini mstari ule katika BIOS umeandikwa na nani? Asilani watu wengi hawaufungui ukurasa wake, na hivyo hufuata ule uliowekwa kiwandani, kwa nchi isiyotajwa. Hewa ya Ngara si hewa ya kiwandani. Zipo sehemu za wilaya hiyo zilizo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ina takriban asilimia 86 tu ya uzito wa hewa ya pwani. Feni huhamisha ujazo ule ule, lakini ujazo huo una hewa chache ya kubeba joto: kasha ambalo Dar es Salaam lingeitoa hewa ikiwa na nyuzi 20 zaidi ya ilivyoingia, Ngara litaitoa ikiwa na 23 hivi zaidi. Upungufu huu huu aliubeba mvukutaji wa zamani, ambaye kila pigo la mvukuto wake lilipeleka oksijeni pungufu kuliko ambayo lingepeleka pwani, naye hakuwa na pwani ya kulinganisha. Kwa upande wa kompyuta, hata hivyo, mlima hulipa deni lake wenyewe. Kwa kadiri ya nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000, hewa inayoingia katika kasha huko juu ni baridi kwa nyuzi 10 hivi kuliko ya pwani. Ukitolewa ule upungufu wa nyuzi 3, bado kuna faida, na sheria ya kiwandani yaweza kuwa imeiamuru feni kuvuta upepo kuliko haja.

Jambo hilo lingekuwa dogo kama si vumbi. Kiangazi, barabara za udongo mwekundu za Biharamulo na Ngara hutoa vumbi jembamba ambalo halizuiliwi na dirisha wala pazia, na feni huvuta kila kinachoelea. Mafundi waangalifu hupunguza mwendo wa feni zote, kisha wakaziacha zile za kuingiza hewa, zenye kichujio mbele yake, ziende mbio kidogo kuliko za kuitoa. Hapo hewa iliyomo ndani ya kasha huwa na shindikizo la kutoka nje kupitia kila ufa, na vumbi halipati mlango. Ni marekebisho ya dakika chache katika BIOS, nayo hayagharimu shilingi moja.

Yasipofanywa, hutokea jambo ambalo madabodi haiwezi kulitambua. Vumbi hujaza mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa, nayo hayapitishi tena hewa. Joto hupanda. Kihisi huripoti joto, na madabodi, kwa utii kamili wa sheria yake, huiamuru feni izunguke zaidi. Feni ikizunguka zaidi huvuta vumbi zaidi. Waya wa habari nao huripoti mizunguko mingi, jambo ambalo kwa hesabu ya madabodi ni ishara ya afya. Kumbe waya huo hutaja mizunguko, hautaji upepo. Feni yaweza kuzunguka mara 2,000 kwa dakika mbele ya ukuta wa vumbi na kupeleka hewa kidogo mno, na kila tarakimu katika ukurasa wa BIOS ikawa njema isipokuwa ile ya joto.

Hapa ndipo tofauti ya kweli kati ya mvukuto na madabodi inapoonekana. Katika wepesi, madabodi imeshinda: husoma joto mara nyingi kwa dakika, haichoki, haisinzii, nayo huzitumikia feni kadhaa kwa pamoja. Lakini bomba la udongo lilipoanza kuzibwa na takataka zilizoganda, mvukutaji alilijua jambo hilo kabla moto haujabadili rangi, kwa sababu ngozi ya mvukuto ilikataa kushuka chini ya mkono wake. Mkono uliousukuma upepo ndio uliopima ukinzani wake. Amri na habari vilipita katika njia moja, na habari hiyo ilikuwa ya upepo wenyewe, wala si ya mwendo wa chombo kinachouleta. Fundi aliyeambiwa na wavukutaji ya kuwa bomba limekuwa zito hakuwaamuru waongeze nguvu. Aliamuru lizibuliwe.

Wahandisi wa mashine kubwa wanalifahamu pengo hili, na katika vyumba vikubwa vya kompyuta huwekwa vipima-shindikizo vya hewa mbele na nyuma ya vichujio ili kuziba kujulikane. Madabodi ya kompyuta ya kawaida ya mezani haina kipimo hicho. Fundi wa Ngara au Biharamulo anayeletewa mashine inayovuma kwa hiyo hufanya kwa mkono kile ambacho waya wa nne haukukifanya: huweka kiganja nyuma ya kasha, akasikiliza kama upepo unatoka. Usipotoka, haisomi tarakimu yoyote. Huchukua bisibisi na brashi.

Katika mashamba ya nchi ile bado huokotwa mavi ya chuma, na pamoja nayo vipande vya mabomba ya udongo ambavyo ncha zake zimeyeyuka zikawa kama kioo cheusi. Mwanaakiolojia akishika kipande cha namna hiyo aweza kueleza ncha ipi ilikuwa katika moto, ilizama kiasi gani ndani ya tanuri, na udongo wake ulifikia joto gani. Feni haiachi kumbukumbu ya namna hiyo. Umeme ukizimwa hesabu ya mizunguko hufutika, na kinachobaki ni utando wa vumbi jekundu juu ya mapanga yake, mzito zaidi kwenye ukingo uliokuwa ukitangulia kuikata hewa.